Mizani ya Mti

Kukereza ni neno la zamani katika Kiswahili, na kazi ya mkerezaji yajulikana pwani nzima kwa miguu ya vitanda na viti. Iko namna moja ya kukereza, hata hivyo, ambayo kwetu ingali ngeni. Bakuli halichimbwi katika gogo moja, bali hujengwa kwa pete za mbao zilizopandana, na kila pete ni vipande vilivyogundishwa ncha kwa ncha. Pete ya vipande 12 hutaka kila ncha ikatwe kwa digrii 15. Mikato yote ni 24, na kosa la robo digrii katika kila mmoja huzaa pengo la digrii 6, ambalo gundi haiwezi kulificha.

Aghalabu pete hupishanishwa kama matofali, kwa ajili ya nguvu. Atakaye nakshi iliyonyooka, mpingo juu ya mpingo na mninga juu ya mninga, huzilinganisha viungo. Mpenzi wa mashairi atamtambua hapo jamaa yake: vina vya kati na vya mwisho visimamavyo safu, beti nzima. Tabu ni kwamba bakuli hupanuka kuelekea juu. Pete yenye upana wa sentimita 20 hutaka kipande cha sentimita 5.4, ya sentimita 30, kipande cha 8. Programu ya kompyuta huyapiga mahesabu hayo kufumba na kufumbua, ikaonyesha nakshi yote kabla msumeno haujagusa ubao.

Sasa tumfikirie seremala wa Mwigobero, mjini Musoma, upande ule ambako kivuko huondoka kwenda Kinesi, ng'ambo ya ghuba. Tuseme amepata programu hiyo, akatengeneza bakuli la pete 12, vipande 144, bila dosari. Je, ni haki aliite lake?

Wako watakaosema la, kwa kuwa hesabu si yake. Hoja hii ni nyepesi. Mshairi hakuibuni mizani 16 ya mshororo. Aliikuta, na hakuna aliyemwita mwizi. Hesabu ni mali ya wote, iwe imo kichwani, kwenye kamba yenye mafundo au ndani ya kompyuta.

Lililo zito ni dhamana. Programu huhesabu umbo, nao mti si umbo tupu. Ubao hunyonya unyevu na kutanuka kwa upana wake, ilhali kwa urefu hautanuki ila kidogo mno. Vipande vya pete vimelala kwa urefu, kuizunguka duara. Kitako cha ubao mmoja kikigundishwa ndani yake, masika yakija kitasukuma, na pete haitampisha mgeni huyo. Kitu kitapasuka. Katika mchoro, kitako na pete vimekaa kwa amani. Siku mnunuzi atakaporudi na bakuli lenye ufa, hataiuliza kompyuta.

Washairi nao wanalo fundisho la jinsi hii. Andika "mbu", kisha andika "mbuzi". Herufi tatu za mwanzo ni zile zile, lakini katika neno la kwanza ni mizani mbili, katika la pili ni moja. Ahesabuye kwa jicho huteleza. Sikio halitelezi, maana limewahi kulitamka neno. Vivyo hivyo fundi ambaye hajawahi kukata pete moja kwa mkono wake, akaona pengo likifunguka, hana cha kumwonya pale mchoro unaponyamaza. Kuazima hesabu si aibu. Kuiazima pasipo kuweza kuipinga, hapo ndipo jina la fundi linapotiliwa shaka.

Seremala aujuaye mti huchimba mfereji ndani ya pete ya chini, akakipachika kitako humo bila gundi, na kukiachia nafasi ndogo ya kupumua pembeni. Kwa nje nakshi ni ile ile, na mnunuzi haoni kitu.