Daraja ni la Nani?

Sisi tuliosoma Tanzania tukisikia "divisheni three" mawazo hukimbilia matokeo ya kidato cha nne. Ndiyo maana mzazi wa Kiswahili hapa Marekani, akiambiwa kwamba chuo kinachomtaka binti yake acheze hoki ya barafuni ni cha daraja la tatu, huona kama mtoto kafeli. Hajafeli. Daraja ni la chuo, si la mchezaji, na tofauti kubwa ni fedha: vyuo vya daraja la tatu, kwa kawaida, haviruhusiwi kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya mchezo wake. Msaada kwa asiye na uwezo upo.

Tena katika hoki ya wanawake madaraja yenyewe yamechanganyika. La pili halina ubingwa wake, basi vyuo vyake hucheza na wakubwa. Ubingwa wa kwanza wa NCAA, mwaka 2001, ulichukuliwa na Minnesota Duluth, chuo cha daraja la pili, kwa kuifunga St. Lawrence 4–2. Na St. Lawrence, katika michezo yake mingine, ni daraja la tatu! Harvard na Dartmouth walikuwa wameshatolewa nusu fainali.

Linalonisumbua mimi ni hili. Januari 2004 vyuo vya daraja la tatu vilipiga kura kama vichache kati yao vyenye timu ya daraja la kwanza viendelee kuwalipia wachezaji. Vilivyokuwa vikilipa tangu zamani, Clarkson na St. Lawrence vikiwemo, viliachiwa. Wengine mlango ukafungwa. Chuo cha Union kikabaki nje, ilhali wasichana wake walicheza ligi moja na wale wa Clarkson. Barafu moja, mazoezi yale yale ya alfajiri, mmoja analipiwa kwa gongo lake na mwenzake halipiwi, kwa kuwa tu chuo chake kilichelewa kuanza. Clarkson ikatwaa ubingwa wa taifa 2014, 2017 na 2018.

Watetezi husema mwanafunzi aje kusoma, asinunuliwe. Maneno mazuri, na wepesi wa kuyasema ni wenye nacho. Lakini hata ukiyakubali, yangewahusu Clarkson pia.

Kanuni ilibadilishwa Januari 2022, Union nao wakaruhusiwa kulipa. Waliokwisha kuhitimu hawakurudishiwa kitu.