Krismasi Penye Jua

Kusini mwa Hispania iko pwani ya Málaga. Milima nyuma yake huzuia upepo wa kaskazini. Hata mwezi wa Desemba joto la mchana hufika nyuzi 17 hivi. Huko Helsinki siku hizo jua halionekani hata muda wa saa 6. Basi wazee wengi wa Ufini huenda kukaa mjini Fuengirola wakati wa baridi, na Sikukuu huwakuta huko.

Wako wasemao kwamba Krismasi pasipo theluji si Krismasi. Sisi twastaajabu, maana theluji tuliiona juu ya Kibo tu, tena kwa mbali, na Mtoto tulimpokea vilevile. Wala hatuwalaumu wanaokimbia giza. Mifupa ya mzee yaijua baridi. Neno tuliogopalo ni jingine: mtu aweza kufunga sanduku lake la safari, akaiacha ibada nyumbani pamoja na makoti. Lakini Wafini hao wameichukua. Wanao usharika wao wa Kilutheri papo hapo Fuengirola. Krismasi huimbwa kwa Kifini, na nje michungwa ya barabarani ina matunda.