Tobia Naye Alitafutiwa Mtu wa Kwenda Naye



Vijana wenzangu, mwezi wa saba nilikuwa likizo nyumbani, kigango kimoja nje kidogo ya mji wa Bariadi. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, na mnajua kwetu Simiyu pamba ikiwa mizani habari nyingine zote zinasubiri. Padri hakufika Jumapili hiyo, katekista akaongoza ibada. Tulipotoka, binti mmoja wa kwaya akanivuta pembeni chini ya mwembe. Alimaliza kidato cha sita mwezi wa tano, na jina lake halikutoka kwenye orodha ya JKT. Akaniuliza bila kuzunguka: "Frateri, ni dhambi nikienda Oman?"

Alinionyesha simu. Mtu asiyemjua alikuwa amemwandikia WhatsApp: kazi ya duka Muscat, tiketi bure, viza bure, nafasi chache, usichelewe. Hesabu yake ilikuwa safi kabisa. Aende mwaka mmoja, apate uzoefu wa kazi, ajue Kiarabu kidogo, arudi na hela, aombe chuo mwaka unaofuata.

Nikamjibu kwa haraka ya mtu aliyetoka kumaliza falsafa. Si dhambi, nikasema, ila bora ubaki, Mungu atafungua njia. Akaniangalia. "Frateri, wewe chakula, godoro na ada vinatoka seminari. Mimi nikipewa mkopo nusu, baba anauza ng'ombe. Na ng'ombe wamebaki watatu."

Nilikosa la kusema. Ninaandika haya kwa sababu jibu lililofaa lilinijia usiku, yeye akiwa ameshaenda zake.

Kwanza, alikuwa na haki ya kutamani kwenda. Kiswahili chenyewe kinatuambia tembea uone. Lakini Kiswahili hicho hicho kinasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hapo ulimwengu si mwalimu wa kumkimbilia, ni wa fimbo. Sasa safari gani inafundisha, na ipi inachapa tu?

Aristotle, mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha Metafizikia, anasema uzoefu unatokana na kumbukumbu nyingi za jambo lile lile. Yaani haitoshi kupitia mambo. Ng'ombe wa kukokota plau anapitia shamba lile lile miaka kumi, na hakuna anayemwita mzoefu wa kilimo. Mtu anapata uzoefu pale anapoweza kusimama, kukumbuka, kulinganisha, na kesho kuamua tofauti na jana. Papa Yohane Paulo II alikuwa karibu na hapo mwaka 1981 katika waraka wake Laborem Exercens: kazi inapata thamani yake kwanza kutoka kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Mwondolee uwezo wa kuamua, na kazi itaendelea kufanyika, nyumba itang'aa, watoto watalishwa. Ila yeye mwenyewe hapati uzoefu, anapata uchovu.

Turudi kwenye ule ujumbe. Binti alipoomba mkataba, alitumiwa picha ya ukurasa mmoja. Miaka miwili. Hakuna duka, imeandikwa kazi za ndani. Na "tiketi bure" maana yake ilikuwa hii: ukiacha kabla ya miaka miwili, unarudisha gharama zote. Hilo kwa Kiswahili ni deni. Kule Ghuba upo mfumo unaoitwa kafala, ambao viza ya mfanyakazi inafungwa kwa mwajiri wake, yule kafili. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Walieleza kunyang'anywa pasipoti, kufanya kazi bila kupumzika, mishahara kupunjwa au kutolipwa. Wapo waliokwenda wakapata mabosi wema, wakajenga; hao nao tunawajua, tusidanganyane. Lakini angalia: hata huyo wa bosi mwema, wema wake wote umetundikwa kwenye moyo wa mtu mmoja. Bosi akiamka vibaya, yeye hana mlango.

Kwa hiyo ningemuuliza binti swali moja kabla ya kumuuliza mshahara. Siku ukitaka kurudi nyumbani, nani anakuzuia? Ikiwa jibu ni "hakuna", nenda ukaone dunia, na mimi nitakuombea. Ikiwa ni mtu aliyeshika pasipoti yako, basi umeukodisha utu wako wote, na huo si wa kukodisha.

Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa akitusikiliza alikuwa na hoja kali kuliko zangu. "Mbona Yosefu aliuzwa Misri, na Mungu akamwinua?" Kweli. Lakini Yosefu hakujipeleka sokoni. Na mwisho wa kitabu cha Mwanzo, alipowasamehe ndugu zake, hakuwaambia walifanya vizuri. Aliita ubaya kwa jina lake, kisha akasema Mungu aliugeuza kuwa wema. Mungu anaweza kutoa mema katika mabaya. Hilo ni tumaini la aliyekwisha kuangukia shimoni. Aliye bado ukingoni asilitumie kama ngazi ya kushukia.

Milango mingine ipo, ingawa ni myembamba. Ujerumani kwa mfano ina mpango unaoitwa weltwärts, ambao tangu 2013 unapokea pia vijana kutoka nchi kama yetu kwa mwaka wa kujitolea. Unapata mahali pa kulala, bima, posho ya kujikimu na siku za mafunzo ndani ya mwaka. Hutarudi na hela ya kujenga, na nafasi ni chache kwelikweli. Ila mkataba unasema mwisho wake ni lini, na pasipoti inabaki mfukoni mwako.

Kilichonirudia sana usiku ule ni kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti ni kipofu, ameishiwa, na ana fedha aliyoiweka kwa mtu huko Rages, nchi ya Umedi. Anamtuma mwanawe Tobia, kijana ambaye hajui hata njia. Lakini anamwambia kwanza tafuta mtu wa kuaminika wa kwenda naye, na tutamlipa. Tobia anamleta mmoja. Mzee anamuuliza: wewe ni wa ukoo gani, kabila gani? Yule anajibu kama kwa kuudhika, ukoo wangu wa nini wakati unatafuta mtu wa kazi? Mzee hatetereki, anataka kujua. Anaambiwa jina la baba, anasema huyo namfahamu, tulikuwa tukienda naye Yerusalemu kusali. Ndipo wanapatana ujira, drakma moja kwa siku.

Tunajua sisi wasomaji kwamba yule alikuwa Malaika Rafaeli, na jina alilotoa halikuwa lake. Kwa hiyo mzee hakuujua ukweli wote. Hata hivyo alifanya sawasawa, kwa sababu busara inapimwa kwa yale uliyouliza kwa uaminifu, kwa macho uliyonayo, hata kama ni ya kipofu. Na kama malaika wa Mungu alikubali kuhojiwa ukoo na kupangiwa mshahara wa siku, huyu wetu wa WhatsApp ni nani hata asiulizwe leseni?

Kesho yake nikaenda kwao. Nikamwomba radhi binti kwa jibu langu la kitoto, nikawasimulia habari ya Tobiti, yeye na baba yake. Mzee ni mkulima, hana maneno mengi. Akasema, "Mpigie." Simu ikawekwa sauti ya juu. Mzee akasalimia vizuri, kisha akauliza: "Mwanangu, wewe ni wa wapi? Kwenu ni nani? Ofisi yako iko mji gani, nije tukae tuzungumze?"

Yule akacheka. "Mzee, mambo ya ukoo ya nini siku hizi?"

Mzee akanigeukia, macho yamemtoka. Simu ikakatika, na tulipopiga tena haikupokelewa.

Binti hakufurahi. Alininunia mpaka ninarudi seminari, na ninamwelewa, kwa sababu ng'ombe bado ni watatu na mkopo hajui atapata kiasi gani. Sasa anaandika uzito wa pamba kwenye daftari la AMCOS ya kijiji, na ameniambia kwa ujumbe mfupi kwamba wiki ya kwanza alikataa kumwongezea jirani kilo mbili. Pasipoti yake, aliyoilipia shilingi 150,000 kwa hela ya dengu, iko kabatini kwa mama. Amenitaka nimtafutie habari za ule mpango wa Ujerumani, na bado ninatafuta.