TAFAKURI YA LEO: DAKIKA 9 ZA KILOSA 🌙

Ndugu zangu wa Kilosa na Mikumi,

Unafuturu kwa adhana ya nani? Wengi bado tunategea redio ya Dar es Salaam. Haya, piga hesabu nami. Dunia huzunguka nyuzi 1 kwa dakika 4. Dar iko karibu nyuzi 39.3 mashariki, sisi karibu 37. Hapo ni dakika 9 hivi. Asubuhi huna hasara, ukiacha kula kwa adhana ya Dar umewahi tu. Ila jioni redio ikiadhini, kwetu jua bado lipo, na tende ishaingia mdomoni!

Wala usiseme "mbona nimeliona limezama". Kilosa mjini tuna milima magharibi. Jua hujificha nyuma yake kabla halijazama kweli.

Basi tunakimbilia simu. Ipo programu huria ndogo iitwayo Adhan, ambayo watengenezaji wengine huiweka ndani ya programu zao. Ni ya bure, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma. Kanuni zake zimetoka kwenye kitabu cha Mbelgiji Jean Meeus. Unaipa tarehe na mahali, inakupa saa. Hata majira imeyazingatia: njia yake mojawapo huhesabu siku tangu jua lilipogeuka Desemba au Juni, jambo linalowafaa zaidi walio mbali kaskazini kuliko sisi wa nyuzi 7 kusini.

Lakini kuna kitu haiamui yenyewe. Alfajiri inaanza jua likiwa nyuzi 18 chini ya upeo, au 19.5? Kwetu hiyo ni tofauti ya dakika 6 hivi. Namba hiyo huchaguliwa na mtu, na wewe ulibonyeza "kubali" tu. Saumu ni ya nani, yako au yake?

Mimi naona asiyejua hisabati ana udhuru wa kumwamini anayejua, kama tunavyomwamini muadhini. Udhuru huo haufiki kwenye kile unachoweza kukiangalia mwenyewe. Msimbo huwezi kuusoma, sawa. Jina la mji kwenye kioo cha simu unashindwaje? Na wewe kijana wetu uliyesoma kompyuta, mlango uliachwa wazi, hebu ingia utukagulie.

Kabla ya Magharibi leo, fungua simu uone imeandikwa mji gani. Ikiwa ni Dar, badilisha.

Allah atutakabalie. Aamin.