Moshi wa dhahabu na haki ya jirani

 

Ndugu Waislamu, katika Surat Ar-Ra'd aya ya 17 Allah (S.W.) anatupigia mfano wa watu wanaoyeyusha madini motoni kutafuta mapambo au vyombo. Anatufundisha kuwa povu lipandalo juu hupotea bure, na kile chenye manufaa kwa watu ndicho hubaki katika ardhi. Mfano huo ni wa haki na batili. Lakini mtu akiusoma huku akiitazama mikoa yetu ya dhahabu, Geita na Shinyanga, atashituka, kwa sababu sisi tumeugeuza. Chenye manufaa ndicho kinachoondoka kwenda sokoni na nje ya nchi. Takataka ndiyo inayobaki katika ardhi, katika maji na katika vifua vya watu.

Takataka tunayoizungumzia ni zebaki. Mchimbaji mdogo akishasaga mawe yake kwenye karasha, huosha mchanga mwaloni, kisha huchanganya na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hukamata chembe za dhahabu. Mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, kikabaki kidonge, na kidonge huwekwa juu ya moto. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 hivi, ikaruka kama moshi, dhahabu ikabaki. Moshi huo hauonekani wala haunuki. Anayeuvuta hupata madhara ya ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea, na mama mjamzito huipitisha sumu hiyo kwa mtoto aliye tumboni. Inayoanguka kwenye maji huingia katika samaki, na samaki huja mezani.

Haya si maneno ya kutishana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa mradi wa UNIDO walifika Rwamagasa, Geita, wakawapima wananchi na kukuta dalili za sumu ya zebaki, hasa kwa wachomaji. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza katika ripoti yake jinsi watoto wa Geita, Shinyanga na Mbeya wanavyoishika zebaki kwa mikono yao. Na mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 yaligunduliwa maradhi ya watu waliokula samaki wenye zebaki ya kiwandani. Mkataba huo unazitaka nchi zifanye juhudi za kukomesha uchomaji wa zebaki mahali pa wazi na uchomaji wake katika makazi ya watu.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza atauliza: hayo yananihusu nini mimi? Tuanzie kijijini. Samuye ni kata ya wakulima na wafugaji wilayani Shinyanga, wilaya hiyo hiyo yenye machimbo ya Mwakitolyo. Mkulima wa kata kama hiyo hana duara wala karasha. Lakini vijana wa Usukuma mvua zikikataa hukimbilia machimboni, na wako wachimbaji wanaochoma vidonge vyao nyumbani, jikoni, watoto wakiwa wamekaa karibu. Mtoto huyo hakuchimba, hakuuza, wala hakuonja faida. Amepata moshi tu.

Sasa tuje mjini. Kidonge kikishachomwa machimboni bado hubakiwa na zebaki kidogo. Mnunuzi akikiyeyusha tena dukani kwake, hiyo iliyobaki hutoka hapo hapo mtaani, jirani na mama ntilie na madrasa. Kwa hiyo moshi huu umetufuata mpaka mjini, na miongoni mwa wanaoufanya tumo sisi: wafadhili wa maduara, wenye makarasha, wanunuzi na masonara.

Wala tusidhani sumu ya kuyeyusha madini ni ya machimboni peke yake. Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi wake na maji machafu havikuishia ukutani mwa kiwanda. Bi Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alimkuta mwanawe mchanga ana sumu ya risasi, akasimama na wakazi kudai haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha hukumu hiyo. Fedha ni haki yao, lakini hakuna fedha inayomrudishia mtoto akili yake.

Uislamu haujaharamisha kazi ya madini. Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma, na Nabii Suleiman (A.S.) akatiririshiwa chemchemi ya shaba. Kilichokatazwa ni madhara. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kudhuru na kulipizana madhara, na akaapa kuwa hajaamini yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari yake. Katika hadithi iliyopokelewa na Bukhari na Muslim alimfananisha rafiki mbaya na mfua chuma anayevuvia mivukuto: ama atakuunguzia nguo, ama utapata kwake harufu mbaya. Moshi wa zebaki ni mbaya kuliko harufu hiyo, kwa kuwa aliyekaa karibu hapati hata onyo la pua.

Wanachuoni wetu hawakuliacha jambo hili hewani. Katika karne ya 14, Ibn al-Rami, fundi mkuu wa ujenzi mjini Tunis, alikusanya hukumu za fiqhi juu ya madhara baina ya majirani, na moshi ni mojawapo ya madhara hayo. Wala haki ya jirani haiulizi dini yake. Msukuma asiye Mwislamu anayo juu yetu kama aliyonayo Mwislamu.

Wako watakaosema: mkizuia zebaki, maskini wale watakula nini? Swali hilo ni la haki, na jibu si kumnyang'anya mchimbaji riziki yake. Kipo chombo cha chuma kinachofungwa, ambacho hunasa moshi wa zebaki na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena. Anayekitumia anaokoa mapafu yake na fedha yake pia. Anayekosa uwezo wa kukinunua ni mchimbaji, na mwenye uwezo huo ni yule anayemfadhili.

Basi tufanye nini? Kwanza, anayetoa mtaji wa duara aweke sharti: hakuna kuchoma wazi, hakuna kuchoma nyumbani, hakuna mtoto kushika zebaki, na chombo akinunue yeye. Pili, mnunuzi na sonara wasiyeyushe dhahabu mbichi katikati ya makazi bila mtambo wa kunasa moshi. Tatu, maimamu wa Geita, Kahama na Shinyanga walitaje jambo hili mimbarini kama wanavyoitaja riba. Nne, tuisimamie serikali yetu, kwani Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imempa kila mkazi wa Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi na salama.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaitolea zaka dhahabu yetu mwaka unapotimia, nasi tunahisi mali imetakasika. Zaka ni haki ya Allah (S.W.) na ya maskini, lakini haifuti deni la mtu uliyemdhuru. Mtume (S.A.W.) ametueleza habari ya muflisi wa siku ya Kiyama: atakuja na swala, funga na zaka, kumbe amewadhulumu watu, thawabu zake zigawiwe wao mpaka ziishe. Mtoto aliyeivuta sumu jikoni kwao huenda asijue kamwe jina la aliyenunua kile kidonge. Allah (S.W.) analijua.