Mkono Usioshika Bunduki

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasiosema. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Katika mabaraza ya Kinondoni na Temeke, baada ya sala ya alasiri, hutajwa mambo ya kila namna: bei ya unga, kodi za nyumba, khabari za bandarini. Ndovu hatajwi ila kwa nadra. Na akitajwa, husemwa kuwa hayo ni mambo ya watu wa porini, na mtu wa mjini hana dhambi wala thawabu ndani yake. Maneno haya yafaa yapimwe kwa mizani ya sharia na ya akili, kwani huenda mtu akajiona msafi, na dhulma imo katika chakula chake.

Mwezi wa Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, wilaya ya Kinondoni, vilikutwa vipande 706 vya pembe za ndovu, vimefichwa kwa vitunguu saumu na makombe. Ndovu waliouawa kwa ajili ya shehena ile walikuwa zaidi ya 200. Mwezi ule ule shehena nyingine ikakamatwa katika bandari ya Malindi, Unguja. Mwaka 2016 mahakama ya Kisutu ikawahukumu wageni wawili wa nyumba ya Mikocheni kifungo cha miaka 35.

Watu wakasema: wageni wametuharibia nchi. Lakini Mikocheni hakuna ndovu, wala mgeni haijui njia ya porini pasipo mwenyeji. Kila pembe ifikayo mjini imepita mikono mingi: yuko aliyeonyesha njia, aliyeuza risasi, aliyeendesha gari, aliyefumba macho kizuizini, hamali aliyebeba, dalali aliyekutanisha, na mwenye ghala aliyepokea kodi ya miezi sita mkononi asiulize linalowekwa. Hapana haja ya kumtuhumu mtu yeyote aliye karibu na nyumba ile. Siri yake aijua Mola wake. Swali ni la jumla: mtu wa namna hii, ambaye mkono wake haukushika bunduki, je, amesalimika?

Kwanza na ujulikane ukubwa wa jambo lenyewe. Wataalamu huwahesabu ndovu wa nyika kwa kupita juu yao kwa ndege. Na katika misitu mizito, ambako macho hayapenyi, huhesabu mafungu ya kinyesi chini ya miti. Katika Selous na pande zilizoizunguka, hesabu ya mwaka 1976 ilipata ndovu kama 109,000. Wakauawa wengi katika miaka ya 1980. Wakaanza kuongezeka baada ya mataifa kupiga marufuku biashara ya pembe mwaka 1989. Kisha wakaangamizwa tena, hata hesabu ya mwaka 2013 ikapata 13,084 tu. Uuaji umepungua baada ya hapo, na sehemu kubwa ya pori lile ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Lakini ndovu hachukui mimba ila kwa miezi kama 22, naye huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka minne au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kilichouliwa kwa usiku mmoja hakirudi ila kwa umri wa mtu. Na muuaji hutafuta pembe kubwa, basi huanza na wakubwa, wale wajuao maji yalipo wakati wa kiangazi. Watoto hubaki mayatima wasio na kiongozi. Msitu nao huingia khasara, kwani ndovu hula matunda akabeba mbegu mbali, na iko miti yenye matunda makubwa isiyo na mchukuzi mwingine mfano wake.

Tena mtaalamu wa Marekani, Samuel Wasser, pamoja na wenziwe, walikusanya vinyesi vya ndovu kutoka pande nyingi za Afrika, wakasoma ndani yake alama za ukoo. Kisha wakazilinganisha na alama zilizomo katika pembe zilizokamatwa mabandarini. Mwaka 2015 wakatangaza kwamba nyingi za pembe za ndovu wa nyika katika shehena kubwa za miaka ile zilitoka kusini-mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji. Na za ndovu wa msituni zilitoka pande za Gabon, Kamerun na Kongo. Pembe imekatwa, imefichwa, imevuka bahari, na bado yasema kwao ni wapi! Mwenye kuamini kuwa iko siku vinywa vitafungwa na viungo vitatoa ushahidi, hili halimshangazi. Limtie khofu tu.

Sasa zitazamwe hoja za wenye kujitetea.

Wako wasemao: wazee wa pwani waliuza pembe, nao walikuwa wacha Mungu. Ni kweli waliuza. Lakini pembe zile nyingi zilishuka Bagamoyo mabegani mwa watu, na biashara ile ilifuatana na biashara ya watumwa. Si kila lililotendwa na wazee ni hoja. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, mfupa wa ndovu ni najisi, na najisi haiuzwi. Imamu Abu Hanifa alilegeza, na khitilafu ya maulamaa ni rehema. Lakini hakuna imamu aliyehalalisha mali ya wizi. Sharia ya nchi ya mwaka 2009 imewaweka wanyama wa porini kuwa mali ya umma, mikononi mwa Rais kwa amana. Basi mwenye kuuza pembe kwa siri ameiba mali ya watu wote, na mayatima na wajane wamo.

Wako wasemao: ndovu hula shamba la maskini, kwa nini alindwe kuliko mtu? Hoja hii ina haki ndani yake, wala haifai kudharauliwa. Mkulima wa Rufiji au Liwale akiamka akakuta mahindi yake yamekanyagwa, kifuta machozi kidogo kinachochelewa hakimshibishi mwanawe. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliiharimisha Madina, mawindo yake yasiwindwe wala miti yake isikatwe. Na Sayyidna Umar alipoweka hima kwa maslaha ya umma, alimwagiza msimamizi amruhusu mwenye ngamia wachache na kondoo wachache, na mifugo ya matajiri aizuie. Huo ndio uadilifu wa hifadhi: haimwangukii mnyonge peke yake. Lakini nani alitajirika kwa pembe za Selous? Si mkulima yule. Faida ilibaki njiani na mjini. Basi mtu wa mjini asijifiche nyuma ya njaa ya mwenziwe.

Na wako wasemao: mimi nimepangisha tu, mimi nimebeba tu. Hawa na wakumbuke kwamba katika ulevi laana haikumshukia mnywaji peke yake, bali imemshukia mwenye kukamua, na mwenye kuuza, na mwenye kubeba, na mwenye kubebewa. Ambaye hakujua kabisa, Mungu ni Mwingi wa kusamehe. Ama aliyeshuku akaona ni faida asiulize, huyo kutojua kwake amekununua kwa thamani ya kodi.

Wala damu haikomi kwa mnyama. Agosti 2017, Wayne Lotter wa Afrika Kusini, aliyekuwa akisaidia kuwafuatia wauza pembe, alipigwa risasi akafa, Masaki, ndani ya mji huu huu. Na mwaka 2022 Mahakama Kuu ikawatia hatiani watu 11.

Basi toba ya jambo hili yajulikana. Mtu aache, ajute, aazimie kutorudi, na haki aliyoidhulumu airudishe. Mali ya pembe ni ya umma, basi na irudi katika maslaha ya umma, isijengewe nyumba wala isiendewe hija. Na mwenye ghala, kabla ya kuhesabu kodi, na aulize kinachowekwa; na akiona shaka, asitoe ufunguo. Swali moja mlangoni ni jepesi kuliko maswali ya siku ile, ambapo hata ndege mdogo aliyeuawa bure atamshitaki aliyemuua, sembuse ndovu.

Mwenyezi Mungu azisafishe riziki za waja wake, na awape macho ya kuona walichokifumbia. Amin. Naye ndiye Mjuzi zaidi.