Moyo Uliopunguziwa Mbio

Kuna mtu ameamka sasa hivi akiwa amechoka kama aliyelima usiku kucha. Analala, anakula, ila akipanda ngazi chache tu miguu inakuwa mizito kama mawe. Nyumbani wameanza kumwita mvivu.

Si mvivu. Anameza atenolol, bisoprolol au carvedilol, dawa zinazozuia adrenalini isiukimbize moyo. Ndugu yao mkubwa, propranolol, ni kazi ya Mskoti James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Moyo ukipiga polepole huhitaji oksijeni kidogo, na hapo ndipo unaponusurika. Lakini kwenye mlima hauwezi kuongeza kasi kama zamani, na mwili hulalamika.

Kwa wengi uchovu huu hupungua baada ya wiki kadhaa. Hadi hapo, gawa kazi: leo fua, kesho piga pasi. Ukiamka, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda.

Wanaonitia hofu ni wale wanaoacha dawa kimyakimya. Ukikatisha ghafla, moyo hurudia mbio kwa fujo, na maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo, yaweza kufuata. Mweleze daktari, anaweza kupunguza dozi, kubadili saa ya kumeza au dawa yenyewe. Ukizimia, miguu ikivimba au pumzi ikibana, usingoje kliniki ya mwezi ujao. Nenda leo.

Na wewe unayeishi naye, tafadhali, mbebee ndoo ya maji asubuhi hii.